Yule bibi wa duka la vifungo: Ida Kamińska na miaka yake sitini jukwaani

Swali: Shikamoo mwalimu. Mi nasoma sanaa za maonyesho, niko mwaka wa pili. Juzi darasani tumeonyeshwa filamu ya zamani ya Chekoslovakia, ile nyeusi na nyeupe inaitwa Obchod na korze, yaani Duka la barabara kuu, kuna bibi mmoja kiziwi anauza vifungo. Tukaambiwa huyo mama anaitwa Ida Kamińska na kwamba alikuwa mkongwe wa maigizo ya Kiyidi. Sasa kuna vitu viwili sielewi. Kwanza, siku zote tunaambiwa mtu wa jukwaani akija mbele ya kamera anazidisha, mbona huyu hazidishi hata kidogo? Pili, kama kweli ni mkongwe kiasi hicho, mbona ukimtafuta unakutana na hiyo filamu moja tu?

Jibu: Marahaba binti yangu. Umeniuliza juu ya mtu ninayempenda sana kwa hiyo vumilia, jibu litakuwa refu, na nitaanzia mbali kidogo maana ukianzia kwenye filamu hutamwelewa.

Nianze na hili. Wakati wanapiga ile filamu huyo mama alikuwa na miaka kama 64 au 65, kazaliwa Septemba 1899. Na jukwaani alipanda akiwa mtoto wa miaka mitano hivi. Yaani unayemuona pale anahangaika na maboksi ya vifungo ana uzoefu wa karibu miaka sitini ya kusimama mbele ya watu, na sio kusimama tu, alikuwa mwongozaji, mfasiri wa tamthilia, mkuu wa kampuni, mtu wa kutafuta hela ya kulipa ukumbi. Kwake filamu ilikuwa kazi ya pembeni tu. Ni sisi wa huku mbali ndo tumeikuta filamu tukadhani ndo maisha yake.

Sasa Kiyidi. Ni lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya mashariki, mizizi yake ni Kijerumani cha zamani, ndani ina Kiebrania na maneno mengi ya Kislavi, na inaandikwa kwa herufi za Kiebrania, kama mababu zetu wa pwani walivyokuwa wanaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kabla ya vita ya pili ya dunia wazungumzaji walikuwa zaidi ya milioni kumi. Ilikuwa lugha ya jikoni, sokoni, karakana, magazeti, ugomvi wa mume na mke, lakini ukumbi wa maigizo wa kulipia tiketi ulichelewa kuja. Watu wengi wanahesabu mwanzo wake mwaka 1876 pale Iași, Romania, Abraham Goldfaden alipokusanya waimbaji wa baani akawapa hadithi ya kuigiza. Miaka saba tu baadaye, 1883, serikali ya tsar, mfalme wa Urusi, ikapiga marufuku maigizo ya Kiyidi kwenye himaya yake yote. Wengine wakahama, wakaenda London na New York, mmoja wao Jacob Adler, ambaye mwaka 1903 alicheza Shylock, yule Myahudi mkopesha fedha wa Shakespeare, pale Broadway yeye akiongea Kiyidi na wenzake wote jukwaani wakiongea Kiingereza (we umemsoma Shylock kwenye Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere, sasa jaribu kumsikia akiongea lugha ya nyumbani kwake, utaelewa kwanini watu walilia). Waliobaki Urusi na Poland walitumia mbinu: wanaandika kwenye kibali kwamba watacheza kwa Kijerumani, afisa akiwepo ukumbini wanaivuta lugha ielekee Kijerumani, akitoka wanarudi kwenye yao.

Humo ndo alimozaliwa Ida. Baba yake Avrom Yitskhok Kamiński alikuwa mwenye kampuni ya maigizo ya kutembea, mama yake Ester Rachel Kamińska ndo alikuwa nyota. Walikuwa Odessa kikazi, mtoto akazaliwa huko huko safarini. Mdogo wake wa kiume, Josef, akaja kuwa mpiga fidla mkubwa na mtunzi, akaishia Israeli kwenye okestra ya taifa. Familia nzima ilikuwa ya jukwaa, treni, masanduku ya mavazi na nyumba za kupanga.

Huyo mama Ester Rachel usimpite haraka, maana jibu la swali lako la kwanza liko kwake. Kwenye maigizo ya Kiyidi wakati ule kulikuwa na kambi mbili. Kambi moja ilikuwa ya vitu vya kuuza haraka, nyimbo, machozi, yatima kapotea kaonekana, baba kafufuka, mwigizaji anakuja mbele kabisa ya jukwaa anapiga kifua anasubiri makofi. Walikuwa na jina la dharau kwa vitu hivyo, shund. Kambi ya pili ilitaka tamthilia zenye maandishi ya maana, watu wanaoongea kama watu. Ester Rachel alikuwa kambi ya pili na akawa bendera yake. Wapenzi wa sanaa wa Urusi na Poland walimwita Duse wa Kiyahudi, wakimfananisha na Eleonora Duse wa Italia, yule mama ambaye ulimwengu mzima ulikuwa unamsifia kwa kucheza kwa utulivu bila mbwembwe. Kwa hiyo Ida hakujifunza utulivu kwa ajili ya kamera. Alikulia nyumba ambayo kupiga kifua jukwaani ilikuwa aibu.

Na hapa nikusahihishe kidogo wewe na waliokufundisha. Kusema mtu wa jukwaani anazidisha ni uvivu. Anayezidisha ni yule aliyezoea jukwaa la kuzidisha. Ukumbi ukinyamaza vizuri, na mtu anajua kutulia, kidole kimoja kikisogea hadi mtu wa safu ya nyuma anakiona. Mtu aliyefanya hivyo miaka sitini ukimwekea kamera usoni unakuwa umemsogeza karibu tu, hana cha kupunguza.

Nikupe mfano mmoja nikae nao, maana ndo uti wa mgongo wa kazi yake yote: tamthilia inaitwa Mirele Efros, ya Jacob Gordin, ilitoka New York mwaka 1898. Watu waliipachika jina la Malkia Lear wa Kiyahudi, wakimfananisha na Mfalme Lear wa Shakespeare anayegawa mali kwa watoto wake. Mirele ni mjane tajiri wa Grodno, mfanyabiashara mkali mwenye heshima zake, aliyekuta mume kaacha madeni akayalipa akainua biashara upya. Anamuoza mwanae Yosele kwa binti anaitwa Sheyndele, na binti huyu na wazazi wake wanaingia ile nyumba wanaanza kuichimba, kidogo kidogo, mpaka mama mwenye mali anakabidhi kila kitu na kuondoka nyumbani kwake mwenyewe. Miaka inapita. Mwishoni mjukuu, Shloymele, anakaribia sherehe yake ya kuingia utu uzima kidini na ndo anamrudisha bibi.

Sasa angalia. Ida akiwa mtoto alicheza huyo mjukuu Shloymele, na Mirele alikuwa mama yake mzazi. Yaani mtoto yuko jukwaani, ana mistari yake michache, na hatua mbili mbele yake anamuona Ester Rachel usiku baada ya usiku anafanya kazi ambayo baadhi ya watu walisafiri kuja kuiona. Akakua, mama akafariki Desemba 1925, na baadaye Ida mwenyewe akawa Mirele, akaendelea kuwa Mirele mpaka amezeeka, mpaka New York. Hakuna chuo kinaweza kukupa hicho kitu. Mimi nikifundisha wanafunzi wanataka kila muhula igizo jipya, mhusika mpya, sikatai, lakini kuna ujuzi unaokuja tu kwa kukaa na mhusika mmoja miaka thelathini, umri wako unapanda unamkuta mhusika alipo, ulichokuwa unaigiza kama uzee sasa ni uzee kweli na inabidi uamue upya nini uache nini ubaki nacho. Kampuni za zamani zenye akiba ya michezo, wiki hii huu, wiki ijayo ule, ndo zilikuwa zinafanya hiyo iwezekane.

Kufika miaka ya ishirini, Poland imeshakuwa nchi huru, Ida na mume wake wa kwanza Zygmunt Turkow wakaanzisha Warsaw kampuni inaitwa VIKT, kifupi cha jina refu linalomaanisha jumba la sanaa la Kiyahudi la Warsaw. Walicheza waandishi wao wa Kiyidi lakini pia Molière, pia Dostoevsky, kwa Kiyidi, kwa watu ambao wengi wao walikuwa mafundi cherehani, makarani, wanafunzi, wachuuzi. Ruzuku ya kutegemea haikuwepo. Mchezo usipovuta watu wiki mbili mnaenda kulala na njaa au mnapanda treni kwenda mji mwingine. Wakati huo Warsaw karibu theluthi moja ya wakazi wake ni Wayahudi, watu zaidi ya laki tatu na nusu hivi, na wana magazeti ya Kiyidi yenye wakosoaji wakali kweli kweli, hadhira iliyosoma, inayojua mchezo kuliko baadhi ya wachezaji. Mtu kama Ida alitengenezwa na hadhira hiyo kama alivyotengenezwa na mama yake. Ndoa ya Turkow ikaisha, akaolewa na mwigizaji Marian Melman, akaanzisha kampuni yenye jina lake mwenyewe, mwanamke mwongozaji na mkuu wa kampuni miaka ya thelathini, na bado anacheza nafasi kubwa. Na 1939, miezi michache kabla ya vita, alicheza kwenye filamu On a heym, moja kati ya filamu za mwisho kabisa za Kiyidi kutengenezwa Poland kabla ya yote kuharibika.

Septemba 1939 Ujerumani ikaingia. Ida, Melman na binti yake Ruth wakafanikiwa kuvuka kwenda upande wa mashariki uliochukuliwa na Wasovyeti, mji wa Lwów, na huko huko akapewa kuongoza jumba la maigizo la Kiyidi. Juni 1941 Wajerumani wakashambulia Umoja wa Kisovyeti, wakakimbia tena, safari hii mbali sana, mpaka Frunze, Kirgizia, mji ambao leo unaitwa Bishkek, Asia ya kati huko. Akajifungua mtoto wa kiume humo kwenye ukimbizi. Ruth alikuwa kaolewa na Adi Rosner, mpiga tarumbeta wa jazi aliyekuwa maarufu mno Umoja wa Kisovyeti, na baada ya vita hao wawili wakakamatwa na serikali ya Stalin, Rosner akapelekwa kambi za kazi, Ruth uhamishoni Kazakhstan. Kwa hiyo huyu mama anaporudi Poland baada ya vita, binti yake haruhusiwi kutoka.

Na Poland anayorudi ni ipi? Kabla ya vita ilikuwa na Wayahudi kama milioni 3.3. Milioni tatu hivi waliuawa. Nataka usome hiyo sentensi kama mtu wa maigizo: wale mafundi cherehani, wale wakosoaji, yule mtu aliyekuwa anakaa safu ya tatu kila Jumamosi usiku baada ya sabato kuisha, wasuflera wale wa kuwakumbusha waigizaji mistari, waandishi, wenye kumbi, waigizaji wenzake. Mwandishi akipoteza wasomaji wake kitabu kinabaki. Mchoraji picha inabaki. Mwigizaji wa jukwaani anayecheza kwa lugha fulani, ukiua watu wa hiyo lugha umemchukulia kila kitu isipokuwa mwili wake na kumbukumbu yake. Hilo ndo jibu la nusu ya swali lako la pili: ukimtafuta unakuta filamu moja kwa sababu waliomuona wakiwa maelfu kwa maelfu, ambao leo wangekuwa wamewasimulia wajukuu zao, waliuawa.

Lakini hakuacha. Hii sehemu ya maisha yake ndo mi naiona kubwa kuliko zote, kubwa kuliko hata hizo habari za Oscar nitakazokusimulia mbele. Akaanza upya Łódź na Wrocław, ambako manusura wengi waliwekwa, na mwaka 1950 kampuni za huko zikaunganishwa kuwa Jumba la Taifa la Maigizo la Kiyahudi, mwaka 1955 likahamia Warsaw, yeye akiwa mkuu wa sanaa. Kwa mara ya kwanza maishani ana mshahara wa serikali, ana bajeti, vile vitu ambavyo VIKT ilivililia miaka ya ishirini. Hela ipo, watu hawapo. Na kila wimbi la uhamaji, hasa 1956 na 1957, lilimpunguzia watu ukumbini na waigizaji jukwaani.

Wakaweka hedifoni kwenye viti. Unaingia, unakaa, unavaa hedifoni, mtu anakutafsiria kwa Kipoland wakati mchezo unaendelea. Fikiria hiyo hali kiufundi, we mwanafunzi wa uigizaji. Unatoa mstari wa kuchekesha, wazee wachache wanaojua Kiyidi wanacheka papo hapo, halafu unapita muda, ndo wenye hedifoni wanacheka, na wewe tayari upo mstari unaofuata. Ukisubiri, unawapoteza wale wazee. Usiposubiri, unawapoteza wengi. Kilichobaki ni kufanya mwili wako, uso, mkono, mgeuko wa shingo, useme kabla ya mkalimani, ili tafsiri ikifika imkute mtazamaji alishaelewa. Miaka mingi akicheza hivyo. Sasa rudi kwenye swali lako, kwanini mbele ya kamera anaonekana hafanyi kitu na bado unaelewa kila kitu, hata wewe ambaye husikii Kislovaki neno moja ukasoma maandishi ya chini? Mi nakuambia sehemu kubwa ni hiyo. Alishazoea kueleweka na watu wasiojua lugha yake.

Mwaka 1957 pale Warsaw alicheza Mama Courage, tamthilia ya Mjerumani Brecht, kwa Kiyidi. Yule mchuuzi anayevuta mkokoteni nyuma ya majeshi na anapoteza watoto wake mmoja mmoja na bado anaendelea kuuza. Naomba ufikirie ukumbi ule usiku ule, nani yuko kwenye viti, na nani yuko jukwaani. Sina haja ya kuongeza.

Haya sasa filamu. Waongozaji wawili, Ján Kadár na Elmar Klos, na Kadár mwenyewe alikuwa Myahudi aliyepoteza wazazi kwenye mauaji yale. Mwaka ni 1942, mji mdogo Slovakia, serikali ya pale iko upande wa Hitler, na fundi seremala mmoja masikini, Tono Brtko, anakabidhiwa duka la mjane Myahudi, Rozália Lautmannová, yaani mjane ananyang'anywa, Tono anapewa. Mjane ni kiziwi, haelewi hata kwamba dunia imebadilika. Anadhani kijana kaletwa kumsaidia kazi. Na duka lenyewe halina kitu, maboksi mengi ni matupu, mama anaishi kwa msaada wa jamii yake, nao ndo wanaanza kumlipa Tono mshahara wa siri ili asiondoke, maana akiondoka atakuja mwingine mbaya zaidi.

Rudi uangalie jinsi anavyocheza uziwi. Waigizaji wengi tukipewa kiziwi tunakunja uso, tunaweka mkono sikioni, tunapaza sauti. Yeye hafanyi hivyo sana. Anachofanya ni kuchelewa. Mtu anaongea, uso wake unabaki na fikra iliyopita, halafu anatazama mdomo wa mwenzake, halafu anachagua jibu, na jibu lake mara nyingi ni la swali ambalo hajaulizwa, na analitoa kwa uhakika na upole wa mtu mwenye duka anayemhudumia mteja. Ni mtu aliyezoea kutosikia, keshajipangia namna yake ya kuishi nalo. Kwa hiyo unacheka, kweli unacheka, na wakati unacheka unajua kinachokuja. Halafu kile kipande cha mwishoni, Wayahudi wa mji wanaitwa majina uwanjani nje ya dirisha, Tono amelewa kwa woga hajui amfiche au amtoe, na yeye ghafla anatazama nje na anaelewa. Anasema neno moja, pogrom, yaani shambulio la kuwaua na kuwapora Wayahudi. Angalia uso kabla ya neno, sio baada. Ule uziwi wote, ile kuchelewa kote alikokujenga tangu mwanzo, kunaisha ndani ya sekunde chache, kwa mara ya kwanza anaelewa jambo kwa wakati wake.

Alikuwa anacheza kwa Kislovaki, lugha ambayo sio yake, na lafudhi yake ya kigeni hawakuificha, inamkaa vizuri kabisa mjane yule. Kwenye tamasha la filamu la Cannes 1965 wakampa sifa maalum yeye na Jozef Kroner aliyecheza Tono. Filamu ikachukua Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni mwaka 1966, ya kwanza kwa Chekoslovakia, na mwaka uliofuata, kwa sababu ilichelewa kuonyeshwa Marekani, Ida akateuliwa kuwania mwigizaji bora wa kike. Aliyeshinda ni Elizabeth Taylor. Vyombo vya habari vikamwandika kama ugunduzi. Ugunduzi wa mtu mwenye miaka 67! Hilo neno linaniuma kila nikikutana nalo.

Mwishoni mwa 1967 akapeleka kampuni yake New York, wakacheza Broadway kwa Kiyidi, Mirele Efros na Mama Courage. Wakarudi nyumbani Warsaw. Na nyumbani hali ilikuwa imeshachafuka. Baada ya ile vita ya siku sita ya Israeli na majirani zake, Juni 1967, kiongozi wa Poland Gomułka alishaanza kuongea habari za maadui wa ndani, na kila mtu alijua anawasema kina nani. Januari 1968 serikali ikasimamisha mchezo wa Dziady wa Mickiewicz, mshairi mkuu wa Poland, kwenye jumba la taifa, wanafunzi wakaandamana, na Machi chama tawala cha kikomunisti kikaamua lawama iwe kwa Wayahudi. Watu wakafukuzwa kazi, wakaandikwa magazetini, na waliotaka kuondoka waliruhusiwa kwa sharti la kuachia uraia, wanapewa karatasi ya safari inayosema mwenye karatasi hii si raia wa Poland. Zaidi ya watu elfu kumi waliondoka. Ida Kamińska, mkuu wa jumba la taifa la Kiyahudi, mtu aliyeipa nchi jina dunia nzima mwaka mmoja nyuma, alikuwa mmoja wao, akiwa na miaka karibu 69.

Alienda New York. Alitumaini kuanzisha jumba la kudumu la Kiyidi pale, mji ambao zamani mtaa wa Second Avenue ulikuwa umejaa kumbi zao. Alikuta watazamaji wamezeeka na watoto wao wanaongea Kiingereza. Akajaribu na Israeli pia, nako Kiebrania kilishashika kila kitu na Kiyidi kimesukumwa pembeni. Alicheza hapa na pale, akaandika kumbukumbu za maisha yake zikatoka 1973. Na 1970 alicheza filamu ya Kimarekani, The Angel Levine, ya huyo huyo Kadár ambaye naye alikuwa kaondoka kwao, akiwa mke mgonjwa wa fundi cherehani aliyechezwa na Zero Mostel, na malaika anayeshushwa kuwasaidia ni Harry Belafonte. Ndiyo, huyo huyo Belafonte aliyeimba Malaika na Miriam Makeba. Kwa hiyo kama hapa nyumbani kuna mtu anakuuliza huyo mama anatuhusu nini, mwambie alicheza na Belafonte, ataanza kusikiliza.

Alifariki New York Mei 1980, ana miaka 80. Jumba aliloliacha Warsaw halikufa, lilipewa viongozi wengine na leo lina jina la wote wawili, Ester Rachel na Ida Kamińska, na sehemu kubwa ya waigizaji wake kwa miaka mingi wamekuwa Wapoland wasio Wayahudi waliojifunza Kiyidi ili wacheze.

Umeuliza mbona ukimtafuta unakuta filamu moja tu. Mi nadhani ni bahati kwamba hata hiyo moja ipo. Waigizaji wengi wa kizazi chake, wa kiwango chake, hawana hata dakika moja ya picha, majina yao yapo kwenye mabango tu. Na kwake sio moja peke yake ukitafuta vizuri. Kuna Tkies khaf ya 1924, filamu bubu, humo yupo yeye na mama yake Ester Rachel pamoja, mwaka mmoja na kitu kabla ya mama kufariki. Kuna hiyo On a heym ya 1939. Nakushauri uanze na ya 1924, umtazame mama kwanza, mikono yake na jinsi anavyosimama wakati wengine wanaongea, halafu nenda 1939 umuone Ida ana miaka 39 au 40, halafu ndo urudi kwenye duka la vifungo. Ukimaliza andika kurasa mbili tatu juu ya ulichokiona kwenye mikono tu, achana na uso, umpe mwalimu wako wa uigizaji aisome na ukipenda nitumie na mimi.